Siku Niliyopiga Window

Mie ni mtu wa haraka. Chai naimaliza nimesimama, simu naipokea kabla haijaita mara ya pili, na mtu akianza kunieleza jambo namalizia sentensi yake yeye mwenyewe hajafika nusu. Wanafunzi wangu wamenipa jina ambalo wanadhani silijui. Sitalitaja, ila wamepatia. Natanguliza hili ili anayesoma asije akasema nimejificha: kilichotokea nyumbani kwetu Kimara hakikuletwa na kompyuta, wala na umeme, wala na shetani. Nilikileta mie kwa mikono yangu, Jumamosi moja asubuhi.

Baba yangu ni kinyume changu. Naye alikuwa mwalimu, wa shule ya msingi. Alitoka Songea kijana, akaja kufundisha huku mpaka akastaafu, na nyumba hii aliijenga polepole mno, hata marehemu mama alikuwaga anatutania kwamba mie na msingi wa nyumba ni pacha. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwake na mabegi mawili na kompyuta ya mezani. Niliiweka kwenye kona ya sebule, juu ya meza ya cherehani ya mama, nikaifunika kitambaa cha kufuma kama tunavyofunika redio, televisheni na mpaka jagi la maji.

Nilidhani itakuwa ya kazi zangu za shule tu. Kumbe mzee alikuwa ananitazama ninavyoandika. Haukupita mwezi akaniambia, "Na mimi nifungulie sehemu yangu. Iwe na kufuli."

"Baba nawe! Unataka kuficha nini?"

"Wewe fungua. Maswali baadaye."

Basi nikamfungulia. Tangu siku hiyo ukiwasha ile kompyuta unakutana na viduara viwili: kimoja changu, kingine kimeandikwa MZEE. Neno la siri aliliweka mwenyewe huku mie nimegeukia ukutani, na sikumuuliza kamwe. Kwetu mtoto hamwombi baba yake kitu kama hicho, kama ambavyo hampekui mifukoni.

Kwa zaidi ya miaka miwili ratiba yake haikubadilika. Akishakunywa chai ananawa mikono, anaikausha vizuri, anakiondoa kile kitambaa na kukikunja mara nne, anavaa miwani, anawasha. Kisha anaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, akizitafuta herufi kama mtu anayechambua mchele. Tak. Kimya. Tak. Nikiwa likizo niliisikia ile sauti kutoka jikoni nikatamani kwenda kumsaidia ili tu iishe. Lakini nikisogea, skrini inabadilika ghafla, naona karata. Zile karata za mtu kucheza peke yake.

"Naona unawapiga kweli kweli," namtania.

"Nawapiga," anajibu bila kugeuka.

Ndivyo nilivyoamini. Baba yangu mstaafu, anacheza karata. Kwamba karata hazihitaji mtu abonyeze herufi asubuhi nzima, wala sikuliwaza. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Kuna Jumapili moja tulitoka kumzika jirani yetu, mzee mwenzake wa jumuiya ya kanisani. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mtoto wa kaka yake aliyefika na ndege asubuhi ileile, tena aliusoma kwenye simu. Kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, kuugua, basi. Hata kijiji alichozaliwa alikikosea, wazee wakaguna. Tuliporudi nyumbani nikampakulia baba chakula, naye akakaa akikiangalia bila kukigusa.

"Umesikia walichomsomea?" akasema. "Yule mtu amebeba maiti za nusu ya mtaa huu. Hawakusema. Wamesema alipenda mpira."

"Ndo misiba ya siku hizi, baba."

"Mimi hawatanifanyia hivyo. Nimejiandikia mwenyewe. Nimemaliza juzi. Siku nikiondoka usimwachie mtu mwingine, nenda wewe pale..."

Sikumwacha afike mwisho. "Baba, jamani! Uchuro gani huo? Tumetoka kuzika sasa hivi, wewe unajitabiria! Kula kwanza, chakula kinapoa."

Alinitazama kidogo, akavuta sahani, akala. Mie nikajiona binti mwema. Ndivyo tulivyolelewa: kifo cha mzazi hakizungumzwi mezani, na mtoto anayekaa kimya akisikiliza baba yake akipanga mazishi yake mwenyewe, watu watasema anayasubiri. Mama zangu wadogo wote wangemkatisha vilevile, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Mzee hakulirudia tena neno hilo, na mie nikalisahau kabla vyombo havijaoshwa.

Masika yaliyofuata alipata kiharusi. Kidogo, daktari alisema. Mdomo ulipinda wiki mbili ukarudi, mkono wa kulia ukabaki mzito. Vilivyoondoka bila kurudi ni vitu vya ndani. Alianza kumwita jirani kwa jina la dada yake. Alimaliza kula akauliza leo tunakula nini. Siku moja aliniuliza mama yako amekwenda wapi mbona anachelewa, na mie nikasema amekwenda sokoni, nikaingia chooni nikafungulia bomba ili asisikie ninavyolia.

Hata hivyo kila asubuhi alikuwa anakaa palepale kwenye kona. Tak ilikuwa imekwisha. Sasa alikuwa anatazama tu skrini, midomo ikicheza, kidole kikisogea taratibu. Nikipita, karata. Nikawaza, masikini, hata karata zimemshinda siku hizi, anaziangalia tu.

Sasa nije kwenye Jumamosi yenyewe. Shuleni kwetu walileta utaratibu mpya wa kujaza alama za wanafunzi kwenye mtandao. Kompyuta yangu ilikuwa na window, yaani ule mfumo unaoiendesha, ya zamani sana. Nikifungua ule ukurasa, inaniambia chombo chako ni cha zamani, huwezi kuendelea. Nikajaribu kwenye simu, vidole vikubwa, vyumba vidogo, mtoto wa sitini nampa sita. Mkuu wetu wa shule naye ana tabia ya kuwaanika walimu waliochelewa kwenye kundi la simu, majina kwa wino mwekundu. Ijumaa jioni jina langu lilikuwa la kwanza. Mie! Mwalimu niliyekuwa nawasema wenzangu kwa kuchelewa! Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

Nikampigia shoga yangu anayefundisha kompyuta. Akanitumia kwa bodaboda flashi yenye window mpya, akanirekodia maelekezo kwa sauti.

"Shosti, usijisumbue kuipandisha toleo kwa bando, utamaliza bando na haitapanda. We piga window. Futa kila kitu, iweke mpya, itakuwa nyepesi kama simu. Ila hamisha vitu vyako kwanza."

Kupiga window ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa wa kompyuta. Ikiwa nzito, piga window. Ikiingia virusi, piga window. Ikigoma kuchapisha barua, utasikia mtu yeyote ofisini anasema hiyo ipigwe window. Hatuna subira ya kuitoa mashine kwenye hali yake ya zamani hatua kwa hatua na vitu vyake ndani. Tunafuta, tunaanza upya, na tunajisikia mafundi.

Saa mbili asubuhi mama mmoja wa jumuiya alikuja kumchukua baba, maana baada ya kiharusi tulikubaliana asitembee peke yake. Walikuwa wanasali nyumba ya tatu kutoka kwetu na wangerudi saa nne hivi. Mie nikakaa kwenye kile kiti chake. Nikahamisha vitu vyangu kwenye flashi nyingine: mitihani, maandalio ya masomo, alama, nyimbo za kwaya, picha za harusi yangu. Naam, picha za harusi, ya ndoa iliyokwisha vunjika, nilizihifadhi zote. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha nikakiangalia kile kiduara cha MZEE. Nikakibonyeza, kikadai neno la siri. Nikajaribu jina la mama. Likakataa. Nikajaribu jina la kijiji chao. Likakataa. Ningeweza kungoja muda wa saa mbili tu, mzee arudi, nimuulize kwa adabu, Baba, humu mna kitu chako unachokihitaji? Saa mbili, na siku nzima ilikuwa bado mbele yangu. Lakini niliona haya kumuuliza, na niliona jina langu lile jekundu, na niliamini najua kilichomo. Karata. Nikasema kwa sauti, peke yangu sebuleni, "Karata zitakuja zenyewe."

Nikachomeka flashi. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Ikaniuliza tena, vyote vitapotea, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo kwa nguvu, kama namjibu mwanafunzi mkaidi.

Ilichukua muda mfupi, nami nikautumia kufagia uwanja. Niliporudi nilikuta rangi nzuri, maandishi laini, kila kitu chepesi. Ule ukurasa wa shule ulifunguka mara moja. Nikajaza alama za darasa zima, nikatuma, nikapiga kigelegele peke yangu. Nikaandika kwenye kundi: *Tayari, mkuu.* Nilikuwa na furaha ya kweli, siwezi kusema uongo.

Baba akarudi. Akanawa, akakaa, akakikunja kitambaa mara nne, akawasha. Mie nilikuwa mlangoni namtazama huku natabasamu, nangoja anisifu.

"Kwangu kuko wapi?" akauliza.

"Baba, nimeiwekea window mpya. Tazama ilivyo nzuri! Karata zako nitakuonyesha zilipo."

"Sichezi karata."

Alisema vile tu, taratibu. Akaanza kuusogeza mshale kwa ule mkono mzito, akifungua hiki, akifunga hiki, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Ndipo yakanijia yote kwa pamoja: tak, tak, midomo inayocheza, sahani ya chakula, nimemaliza juzi, nenda wewe pale. Nikashika fremu ya mlango.

"Maandishi yangu yako wapi?"

Na mie, mwalimu, mtu mzima, mama wa kuwachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, nikasema, "Yapo, baba. Nimeyahamisha. Nitakurudishia."

"Aa. Vizuri," akasema. Akaifunika kompyuta kitambaa, akaenda kuketi barazani.

Nilimpigia shoga yangu. Akanisikiliza, akauliza, "Kwani hukuingia kwenye folda yake kwa kupitia kwako? Ilikuwemo pale. Wewe ndo mwenye mashine, isingekudai neno la siri lolote."

Nilikata simu. Loh! Nilitamani asingeniambia.

Jumatatu nilimwomba mwenzangu anishikie vipindi, nikalibeba lile boksi la kompyuta kwenye kanga mpaka Kariakoo, kwa fundi anayesifika kurudisha vitu vilivyopotea. Mtu mzima, mtaratibu, ananikumbusha baba. Nikamweleza yote bila kujitetea.

"Ulipofuta, ukaiacha au ukaendelea kuitumia?" akauliza.

"Niliweka window. Nikarudisha vitu vyangu. Nikafanya kazi."

Akavua miwani. "Dada yangu, mtu akifuta tu, naokoa. Akishaandika juu yake, inakuwa tabu. Niachie, nitajaribu. Usije na matumaini makubwa."

Zikapita wiki mbili. Kila asubuhi baba anakwenda kwenye kona, anakuta meza tupu, anarudi jikoni. "Kompyuta iko wapi?" Iko kwa fundi, baba. "Na maandishi yangu?" Yapo, baba. "Aa, vizuri." Kesho yake anauliza upya kabisa, kama hajawahi kuuliza, na mie namdanganya upya kabisa. Mtu akidanganywa mara moja ni uongo mmoja. Mie nilikuwa nampiga uongo mpya kila siku kabla ya chai.

Na nikiri jambo baya kuliko hilo, maana nikilificha nitakuwa sijaandika chochote. Nilianza kutumaini atasahau. Asubuhi moja alichelewa kuuliza, moyo wangu ukaruka kwa furaha, nikawaza, labda na hili limeondoka, labda nimepona. Nilisimama na birika mkononi nikisubiri akili ya baba yangu mzazi ife kidogo zaidi ili mie nisiaibike. Akauliza alipomaliza mkate. Nilijichukia siku ile kuliko siku ya kufuta.

Fundi aliniita. Alikuwa ameokoa nyimbo tatu za kwaya na picha za harusi yangu, zilezile ambazo tayari ninazo. Maandishi ya mzee, hakupata hata ukurasa mmoja. Alinionyesha mafaili mengine, ukiyafungua ni viboksi na alama zisizosomeka, mstari kwa mstari. Nikamwuliza kama hivyo viboksi ni vya baba. "Vinaweza kuwa vyake," akasema. "Vinaweza kuwa vya mtu yeyote." Nikalifunga boksi langu kwenye kanga, nikarudi Kimara nikiwa nimelipakata kama mtoto.

Jumapili, baada ya ibada, nilimkuta barazani anaota jua. Nikaketi chini kwenye mkeka, magotini pake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umeniamkia mara mbili leo?"

"Nina neno zito. Yale maandishi yako hayapo. Nilikudanganya. Niliyafuta mie siku ile nilipopiga window, bila kukuuliza. Nimehangaika kwa fundi, ameshindwa. Nisamehe, baba."

Barabarani chini magari ya Morogoro yalikuwa yanapita, na kwa jirani mtu alikuwa anatwanga.

"Yote?"

"Yote."

"Na ile sehemu ya mwisho?"

"Yote, baba. Hakuna kilichobaki."

"Nilikuwa nasoma kila siku," akasema. "Hukujua, eh? Asubuhi nikiamka naona kuna vitu havipo. Vimeondoka usiku. Nakwenda pale, navisoma, navikuta. Leo natembea hivi hivi tu."

Nikaanza kulia. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningeshukuru. Akaniwekea ule mkono mzito kichwani, akasema, "Ulikuwa na haraka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mwalimu anayemjua mwanafunzi wake tangu darasa la kwanza.

"Ulitaka kuniambia, baba. Ile siku ya msiba. Nikakukatisha."

"Eeh. Ulisema uchuro." Akacheka kidogo, puani. "Mimi mwenyewe baba yangu nilimkatisha hivyohivyo."

Nikafuta machozi kwa kanga. Nikamwambia twende ndani tuandike upya, yeye aseme mie niandike, vidole vyangu vina kasi, kwa wiki mbili tutakuwa tumemaliza. Bado nilikuwa na haraka, si unaona? Hata kwenye kutubu. Lakini alikubali. Nikaiunganisha kompyuta, nikamvutia kiti, nikafungua ukurasa mweupe. Akasimama badala ya kukaa. Akaweka mikono nyuma, akatazama mbele, na sauti yake ikabadilika. Alikuwa anasomesha imla. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia baba yangu darasani.

"Andika. Mimi nilizaliwa Songea, mkato, katika nyumba ya watoto saba. Nukta."

Nikaandika. Vidole vikakimbia, nami nikajizuia, nikaandika kwa mwendo wake.

"Baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku. Nukta. Nilianza shule nikiwa mkubwa, mkato, kwa sababu..." Akasimama. "Kwa sababu gani?"

"Sijui, baba."

"Tutairudia. Endelea. Nilimaliza, nikapata nafasi ya chuo cha ualimu. Nukta. Safari yangu ya kwenda chuo..." Akatembea hatua mbili, akarudi. Uso wake ulikuwa unahangaika, jicho limekaza ukutani kama kuna ubao pale na mtu ameupangusa. "Kuna mtu nilimshukuru hapa. Ni nani?"

"Mtu gani, baba?"

"Mtu mmoja. Nilimwandikia sehemu yote ya mwisho. Nilitaka isomwe kanisani, kila mtu asikie, na watoto wake kama wapo wasikie. Bila yeye nisingefika chuoni. Nisingekuwa mwalimu. Wewe usingezaliwa huku." Akanigeukia. "Ni nani yule, mwanangu?"

Nikaanza kutaja. Babu? Hapana. Padri wa misheni? Hapana. Kaka yako mkubwa? Hapana, huyo nilimshukuru kwa mdomo, nilimnunulia na koti. Mwalimu wako wa kwanza? Mama yako mkubwa? Yule mjomba wa Mbinga? Nilitaja kila jina la ukoo wetu ninalolijua, nikashangaa ni machache kiasi gani. Yalikwisha upesi mno. Kila moja alilipima, akatikisa kichwa.

"Huyu ni yule ambaye sikumshukuru," akasema. "Ndiyo maana niliandika."

"Labda utakumbuka kesho, baba."

"Labda." Tulijua wote wawili kwamba nasema tu. Akainama karibu na skrini, pumzi yake ikanigusa shavuni. "Wewe ulikaa hapa ukifuta. Hukuliona hata kwa bahati mbaya? Jina moja tu?"

"Sikuliona, baba. Sikufungua."

Akanyooka. Akarudisha mikono nyuma. Ile sauti ya darasani ikarudi, dhaifu kidogo lakini imesimama.

"Andika. Kuliko watu wote, mkato, ninamshukuru..."

Vidole vyangu vikangoja juu ya herufi.

"Acha nafasi," akasema. "Nukta."

Nikaacha nafasi. Nikaweka nukta. Kisha nikainuka nikaenda jikoni, nikalia kwa sauti, na sikufungulia bomba.